Herufi za mkato kwenye kibodi: Tushike mzizi, tuache kiambishi

Anayetazama video kwa programu ya VLC akibonyeza M, sauti hunyamaza. Akibonyeza F, picha hujaa skrini. N humpeleka kwenye video inayofuata, P humrudisha kwenye iliyotangulia. Herufi hizi hazikuokotwa tu. Ni vikumbusho vya maneno ya Kiingereza: ‘mute’, ‘full’, ‘next’, ‘previous’. Kwa mwanafunzi anayesoma menyu kwa Kiswahili, M iliyoandikwa kando ya ‘Nyamazisha’ haimkumbushi chochote.

Basi si tutwae herufi ya kwanza ya neno la Kiswahili? Hebu tujaribu. Sitisha, simamisha, sauti, skrini nzima: kazi nne zinang’ang’ania S moja! Mfasiri anayependa kitenzi-jina ndiye huharibu kabisa, maana kucheza, kunyamazisha na kurudisha vyote huanza kwa K. Nazo ngeli zina vituko vyake: video ifuatayo, wimbo ufuatao, kipindi kifuatacho. Je, kitufe kiwe I, U au K?

Kiini cha tatizo ni kuwa katika Kiswahili kiambishi hutangulia, ilhali maana ya msingi imo katika mzizi. Kwa maoni yangu, herufi ya mkato itolewe huko: F ya -fuat-, T ya -tanguli-, J ya -jaz- kwa kujaza skrini. ‘Cheza’ itatosheka na C, kwa kuwa kibodi haina kitufe cha ‘ch’. Q na X, ambazo alfabeti yetu haizitumii, zipewe kazi zilizokosa nafasi.

Hata hivyo, si kila kitufe kinahitaji kufasiriwa. Kwenye YouTube, K husitisha video, J huirudisha nyuma sekunde 10 na L huipeleka mbele sekunde 10. Vitufe hivyo vimepangana: kushoto nyuma, kulia mbele, katikati simama. Hapo kinachosema ni mahali, wala si neno, na Mswahili huelewa sawa na Mwingereza. Kile kitufe kirefu cha nafasi nacho kiachwe kilivyo.

VLC humruhusu mtumiaji kubadilisha vitufe katika mipangilio. Mwalimu wa kompyuta anaweza kuijaribu F ya ‘fuata’ darasani kesho, mradi kwanza aihamishe kazi ya skrini nzima, la sivyo vitagongana.