Mtaji uliofukiwa vyooni: hesabu ya mkaa wa majitaka Rwamgasa

Majitaka yamekuwa bidhaa ya nishati, na wafanyabiashara wa Geita wana kila sababu ya kupiga hesabu zake mapema.

Huko Vancouver, Kanada, nyumba za mtaa wa False Creek zimekuwa zikipashwa joto tangu 2010 kwa mitambo inayovuna joto la majitaka. Rwamgasa haina baridi ya namna hiyo. Joto linalotafutwa huko ni la sufuria ya mama lishe.

Mfano wa karibu uko Naivasha, Kenya. Kampuni ya Sanivation huchukua tope la vyooni, huua vijidudu kwa joto, kisha hulichanganya na mabaki kama vumbi la mkaa na kulishindilia kuwa nishati ya kuuza. Nchini Rwanda, magereza yalianza kupikia gesi ya kinyesi mwaka 2001, na matumizi ya kuni yakapungua kwa karibu nusu.

Soko la Tanzania nalo linafunguka. Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kuacha kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga kufikia asilimia 80 ya Watanzania.

Hata hivyo, mshindani yupo. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, linauza mkaa mbadala wa makaa ya mawe uitwao Rafiki. Atakayeingia sokoni atapimwa kwa bei, moshi na muda wa kuwaka.

Rwamgasa ina hatari yake pia: zebaki. Kati ya 2002 na 2007, UNIDO iliendesha huko mradi wa kupunguza madhara yake kwa wachimbaji wadogo. Tope lililochanganyika na marudio ya dhahabu likichomwa, zebaki hugeuka mvuke wa sumu jikoni. Kipimo cha maabara, basi, ni gharama isiyokwepeka.

Faida huanzia kwenye ada ya kunyonya choo; mkaa ni pato la pili. Kwa kuwa tope ni maji kwa sehemu kubwa, kulisafirisha mbali kabla ya kulikausha ni kulipia mafuta ya gari kubeba maji. Mwekezaji mwangalifu atafute kwanza mnunuzi wa jumla, shule au kambi, ndipo anunue mashine.