Muziki kwenye kigari cha gofu: Kazi huanzia kwenye betri

KIGARI cha gofu kilibuniwa kubeba wachezaji wawili na mifuko ya magongo yao kutoka shimo moja hadi jingine, kimya kimya, bila kumsumbua anayejiandaa kupiga mpira. Leo hii nchini Marekani si ajabu kukiona kigari hicho hicho kikipita mtaani na spika nne zinazounguruma, na ndani yake hakuna hata mmoja anayekwenda kucheza gofu.

Katika mji wa Peachtree City, jimbo la Georgia, zipo njia maalumu za vigari zenye urefu unaozidi maili 100, yaani kilometa 160 na ushei. Wakazi huvitumia kwenda dukani na kutembeleana, na wanafunzi wa sekondari huviegesha shuleni. Hali ni hiyo hiyo The Villages, makazi makubwa ya wastaafu huko Florida. Kampuni mbili kubwa zinazovitengeneza, E-Z-GO iliyoanzishwa mwaka 1954 na Club Car, zote ziko Augusta, Georgia. Pale ambapo kigari kimegeuka kuwa gari la familia, mwenye nacho hutaka kile alichozoea kwenye gari: taa, mahali pa kuchajia simu, na muziki. Hapo ndipo fundi anapopata riziki.

Afrika Mashariki vigari hivi ni vichache, lakini vipo kwenye viwanja vya gofu na kwenye hoteli za pwani ya Kenya na Zanzibar, ambako hubeba wageni na mizigo yao. Fundi aliyezoea kufunga muziki kwenye magari anaweza kudhani kazi ni ile ile. Akianza hivyo, ataharibu mali ya mtu.

Volti 48, redio ya 12

Gari la kawaida lina betri moja ya volti 12. Kigari cha umeme kina betri kadhaa zilizopangwa mfululizo, hasi ya hii ikiunganishwa na chanya ya ile. Betri sita za volti 6 hutoa volti 36. Betri sita za volti 8, au nne za volti 12, hutoa volti 48. Redio, amplifaya na spika zenye amplifaya ndani yake, kwa kawaida zimetengenezwa kwa volti 12. Ukizipeleka moja kwa moja kwenye volti 48, utapata moshi kabla ya muziki.

Njia ya mkato inajulikana na mafundi wote. Fundi hushika betri mbili za volti 6, akachukua volti 12 zake, akaunganisha redio. Inawaka, inaimba, mteja analipa na kuondoka akitabasamu. Ubaya wa kazi hiyo hauonekani siku hiyo.

Hesabu yake ni rahisi. Redio inayokula ampea 5 kwa volti 12 inatumia wati 60. Ikipigwa kwa saa nne, imekula wati-saa 240. Betri mbili za volti 6 zenye ampea-saa 220 kila moja zina akiba ya wati-saa 2,640. Hivyo muziki peke yake umezipunguza kwa asilimia 9 hivi, wakati betri nne zilizobaki hazijatoa chochote kwa ajili ya muziki huo. Jioni kigari kikichomekwa, chaja hupitisha mkondo ule ule kwenye betri zote sita na kusoma volti za jumla tu. Haijui kwamba mbili zina njaa kuliko wenzake. Zile nne hujaa mapema na kuchemka, zikipoteza maji. Zile mbili huachwa nusu, na betri ya risasi na tindikali isiyojazwa mara kwa mara huota ukoko kwenye bamba zake na kudhoofika.

Kwa kuwa zote ziko kwenye mnyororo mmoja, betri iliyo dhaifu ndiyo inayoamua kigari kitafika wapi. Mwenye kigari ataona tu kwamba safari imekuwa fupi. Seti mpya ya betri huko Marekani hupita dola 1,000 kwa urahisi, wakati kifaa ambacho kingezuia hasara hiyo huuzwa kwa makumi ya dola.

Kifaa hicho ni kipunguza volti, au konveta kama mafundi wanavyokiita. Huchukua umeme wa betri zote, kuanzia chanya ya mwanzo hadi hasi ya mwisho, na kuushusha kuwa volti 12, hivyo kila betri hutoa sehemu sawa. Wati-saa 240 zile zile, kwenye seti ya volti 48 yenye ampea-saa 150, hazifiki asilimia 4 ya akiba hata ukijumlisha zinazopotea ndani ya konveta. Muziki haumalizi betri, kama wengi wanavyodhani. Kinachozimaliza ni namna ulivyounganishwa.

Konveta ya kigari cha volti 48 ni lazima iweze kupokea zaidi ya volti 60, kwa sababu wakati wa kuchaji betri hupanda kufikia huko. Tena iwekewe swichi au relei inayoizima kigari kikizimwa. Vinginevyo itaendelea kunyonya kidogo kidogo usiku kucha, na kwa kigari kinachokaa wiki mbili bila kutumika hilo si jambo dogo.

Vigari vya petroli vina betri moja ya volti 12, na hapo konveta haihitajiki. Lakini vingi huzima injini kila dereva anapoachia pedali. Anayekaa chini ya mti akisikiliza muziki huwa anakula umeme wa kuwashia injini.

Asi haipo kwenye chuma

Kosa la pili huwapata wenye uzoefu wa magari. Kwenye gari, bodi ndiyo hasi, hivyo fundi hufunga waya mweusi kwenye boliti yoyote ya karibu. Kwenye kigari cha umeme, fremu kwa kawaida haijaunganishwa na betri. Waya mweusi wa redio hauna budi kurudi kwenye hasi ya konveta. Hatari huongezeka pale ambapo fundi wa kwanza alichukua taa kutoka betri mbili za mbele na wa pili akachukua redio kutoka mbili za nyuma, kisha vyote viwili vikagusana na fremu. Hiyo ni shoti, na betri hizi zina nguvu ya kuyeyusha spana.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kitu, fundi makini huvua pete na saa, huhamisha swichi ya kigari kwenye alama ya kukokotwa ikiwa ipo, ndipo hulegeza waya mkuu wa hasi. Hafanyi kazi betri zikiwa zinachajiwa au zimetoka kuchajiwa muda huo huo, kwani hutoa hidrojeni, na cheche moja inatosha. Fyuzi hukaa karibu na betri, kabla ya waya kuanza safari yake, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya.

Unene wa waya nao una maana. Konveta ikiwa mita nne kutoka kwenye amplifaya inayovuta ampea 10, waya wa milimita za mraba 1.5 utapoteza karibu volti moja njiani, kwenda na kurudi. Wa milimita za mraba 4 utapoteza theluthi moja tu ya volti.

Spika zenyewe

Kigari hakina milango wala vioo vya kuzuia upepo, na huoshwa kwa mpira wa maji. Spika za karatasi za gari dogo hazidumu. Zinazofaa ni zile zilizotengenezwa kwa ajili ya boti, na ufukweni ni vizuri waya nao uwe wa shaba iliyopakwa bati, maana chumvi ya bahari hula shaba tupu.

Spika iliyotobolewa na kubandikwa kwenye plastiki nyembamba ya dashibodi hutoa sauti kavu. Sauti inayotoka nyuma ya spika huzunguka na kuiua ile ya mbele, hasa besi. Iwekewe kasha lililozibwa, liwe chini ya kiti au kwenye nguzo za paa. Spika zote zisukume hewa kwa wakati mmoja. Kuzijaribu ni rahisi: betri ndogo ya tochi ya volti 1.5 ikigusishwa chanya kwa chanya, karatasi ya spika husogea nje. Ikiingia ndani, alama zimepinduliwa.

Zisimtishe mteja namba zilizoandikwa kwenye boksi. Kifaa chenye fyuzi ya ampea 10 kwenye volti 12 hakiwezi kupokea zaidi ya wati 120 kwa muda mrefu, hata kama boksi linasema 500.

Fundi anayetoa bei kwa kigari aanze kwa kupima kila betri peke yake kwa mita na kuandika majibu mbele ya mwenyewe. Betri iliyokuwa dhaifu kabla ya kazi ikifa mwezi ujao, karatasi hiyo ndiyo itakayoamua nani alipe. Ujuzi huu hauishii kwenye gofu pia. Pikipiki za umeme zinazobeba abiria Nairobi na Kigali zina betri za volti nyingi kuliko 12, na waendeshaji wake nao wanataka redio.