Uingereza: Mashua zinazokwenda kwa mwendo wa mtu, na mifereji inayoogopa ukame

Kwenye mteremko wa Caen Hill, karibu na mji mdogo wa Devizes, magharibi ya London, mashua hazishuki wala hazipandi kwa haraka. Kuna malango ya maji 29 yaliyopangwa kwenye umbali wa kilometa tatu hivi, na 16 kati yao yamefuatana kwa mstari mmoja kama ngazi ya nyumba. Tofauti ya kimo kati ya chini na juu ni mita 72. Familia inayofika hapa asubuhi ikiwa likizoni hutumia nusu ya siku au zaidi kuimaliza safari hiyo, huku wengine wakisukuma malango kwa mgongo na mmoja akibaki nyuma ya mashua ameshika usukani.

Wanaofanya hivyo wamelipa ili wafanye kazi hiyo. Kila mwaka, kuanzia Aprili hadi Oktoba, na zaidi katika miezi ya joto ya Julai na Agosti, maelfu ya Waingereza na wageni wao hukodi mashua nyembamba na kuzunguka polepole katika mifereji iliyochimbwa zaidi ya miaka 200 iliyopita kwa ajili ya kusafirisha makaa ya mawe. Hakuna cheti kinachotakiwa. Mwenye mashua humwonyesha mteja jinsi ya kuwasha injini ya mazutu, jinsi ya kugeuza (ukisukuma mti wa usukani upande wa kushoto, mashua inakwenda kuume) na jinsi ya kufungua lango, kisha anamwacha aende.

Mwendo wa juu unaoruhusiwa kwenye mifereji mingi ni kilometa 6,4 kwa saa. Ni mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Chukudu inayoteremka kutoka Kibumba kuelekea Goma ingeiacha mashua hiyo nyuma bila shida. Na mbele ya mashua zilizofungwa ukingoni, dereva anatakiwa kupunguza mwendo zaidi, kwa sababu mawimbi huzivuta na kung'oa vijiti vya chuma vinavyozishikilia.

Umbo la mashua lenyewe linatokana na malango. Katika sehemu ya katikati ya Uingereza, wajenzi wa karne ya 18 walitaka kuokoa pesa na maji, wakajenga malango yenye upana wa mita 2,1 hivi. Kwa hiyo mashua ikawa na upana usiofika mita 2,1, karibu sawa na mtu mzima aliyenyoosha mikono yake miwili na kuzidi kidogo, lakini urefu unaweza kufika mita 21. Ndani mna kitanda, jiko, choo na bafu, vyote vikifuatana kwa mstari kama ndani ya gari la moshi. Kwenye mifereji mipana zaidi, kama ule wa Kennet na Avon unaopita Caen Hill, mashua mbili za aina hiyo huingia ubavu kwa ubavu.

Lango la maji, ambalo waliosoma Kifaransa wanalijua kwa jina la écluse, ni chumba cha mawe au matofali chenye milango kila upande. Mashua inayopanda inaingia chini, milango inafungwa nyuma yake, halafu abiria mmoja anachukua mkono wa chuma na kuzungusha gurudumu ili kufungua vizibo vya upande wa juu. Maji yanaingia, mashua inanyanyuka taratibu hadi ilingane na maji ya juu. Pale penye milango miwili, inakutana kwa umbo la ncha inayotazama upande wa maji mengi, na uzito wa maji ndio unaoifunga. Hakuna mashine wala umeme. Mtu anayejaribu kuifungua kabla maji hayajalingana atachoka bure.

Hatari iko zaidi wakati wa kushuka. Chini ya milango ya juu kuna kizingiti cha mawe kinachojitokeza ndani ya chumba. Maji yakipungua wakati nyuma ya mashua imekaa juu ya kizingiti hicho, mbele inazama na nyuma inabaki inaning'inia, na kwa dakika chache mashua inaweza kujaa maji. Ndiyo sababu alama nyeupe imechorwa ukutani kwenye malango mengi, na wakodishaji hurudia onyo hilo mara nyingi kuliko lingine lolote.

Mifereji hii haikujengwa kwa starehe. Mwaka wa 1761, mtemi wa Bridgewater, aliyekuwa na machimbo ya makaa ya mawe huko Worsley, alifungua mfereji kuelekea Manchester, akisaidiwa na fundi James Brindley. Bei ya makaa mjini ilishuka kwa karibu nusu. Farasi mmoja anayetembea ukingoni aliweza kuvuta mzigo wa tani 30 ambao barabara za matope za wakati huo zisingeubeba kwa farasi wengi. Matajiri wakakimbilia kuweka pesa zao katika mifereji, hasa katika miaka ya 1790. Mfereji kati ya Leeds na Liverpool, wenye kilometa 204, ulimalizika mwaka wa 1816. Ule wa Huddersfield ulipitishwa chini ya milima ya Pennines, ndani ya pango la Standedge lenye urefu wa zaidi ya kilometa tano, ambamo wafanyakazi walilala chali na kuisogeza mashua kwa kukanyaga kuta kwa miguu.

Halafu reli ikaja. Bei ya kusafirisha ikashuka, mishahara ikashuka, na waendesha mashua wengi wakaacha nyumba za nchi kavu ili kupunguza gharama. Baba, mama na watoto waliishi katika chumba cha mita tatu nyuma ya mzigo, na watoto wengi hawakukaa mahali pamoja muda wa kutosha kusoma. Maua na majumba yenye rangi kali ambayo watalii wa leo wanapiga picha kwenye milango na ndoo za maji yalitoka katika vyumba hivyo vya watu maskini.

Katika Vita vya Pili vya Dunia, wanawake vijana walifundishwa kuendesha mashua za mizigo kati ya London na Birmingham kwa sababu wanaume hawakutosha. Baada ya vita lori likamaliza kazi ambayo reli ilianza, na baridi kali ya 1962 na 1963, iliyogandisha mifereji kwa majuma mengi, ikafukuza wateja wa mwisho. Sehemu nyingi zilikuwa tayari zimejaa matope na takataka.

Zilizookoka ziliokolewa kwanza na raia wenyewe. Tom Rolt, mhandisi aliyeishi na mke wake Angela katika mashua iitwayo Cressy, alitoa kitabu kuhusu safari yao mwaka wa 1944, na mwaka wa 1946 chama cha kutetea njia za maji kikaundwa, akiwemo yeye na mwandishi Robert Aickman. Watu wa kujitolea walichimba matope siku za mapumziko. Kwenye mfereji wa Stratford walisaidiwa hata na wafungwa na wanajeshi, ukafunguliwa tena mwaka wa 1964. Mwaka wa 1968, sheria ilikubali kwamba burudani nayo ni sababu ya kutunza mfereji. Kennet na Avon ulifunguliwa tena na Malkia Elizabeth wa Pili mwaka wa 1990.

Leo shirika la Canal & River Trust, lililochukua kazi hiyo kutoka kwa serikali mwaka wa 2012, linatunza kilometa zipatazo 3 200 huko England na Wales. Matatizo yake makubwa ni maji na pesa.

Kila mara lango jembamba linapotumiwa, zaidi ya lita laki moja za maji zinateremka. Maji hayo yanatoka katika mabwawa ambayo mengi yana umri sawa na mifereji. Mwaka wa 2025 mvua zilikosekana mapema, na tangu mwezi wa Mei sehemu kubwa ya mfereji wa Leeds na Liverpool ilifungwa, kabla ya mingine kufuata. Mashua zikabaki zimekwama katikati ya majira ambayo wakodishaji wanategemea kupata mapato ya mwaka mzima. Caen Hill ina pampu inayoweza kurudisha juu lita milioni 32 kwa siku, lakini mifereji mingi haina kifaa cha nguvu hiyo. Mabwawa yenyewe yamezeeka: Agosti 2019, watu wapatao 1 500 wa Whaley Bridge walihamishwa baada ya mvua kubwa kuharibu ukuta wa bwawa la Toddbrook.

Kuhusu pesa, serikali ilitangaza mwaka wa 2023 kwamba msaada wake utapungua hatua kwa hatua kuanzia 2027. Shirika likapandisha ada za leseni, na tangu 2024 wasio na kituo cha kudumu wanalipa zaidi. Hao ni watu ambao sheria ya 1995 inawakataza kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14. Wengi wao wanaishi majini kwa sababu kodi ya nyumba, hasa London, imewashinda, na chama chao kimepinga ongezeko hilo. Kwa msafiri wa wiki moja ada hiyo haionekani. Imefichwa ndani ya bei ya kukodi.

Baada ya Oktoba, wageni wakiisha kurudi makwao, kazi nyingine inaanza. Maji hutolewa ndani ya vyumba na milango iliyooza kunyanyuliwa kwa krini. Milango mipya ya mti wa mwaloni hudumu miaka 25 hivi, na hutengenezwa katika karakana mbili za shirika hilo, kila mmoja kwa kipimo chake, kwa kuwa wajenzi wa zamani hawakujenga vyumba vinavyolingana.