Maji ya mafuriko na mbolea inayoelekea kisimani

Mwaka 2011 mto Kings ulipofurika katika Bonde la Kati la California, Marekani, shamba la Terranova liliyaruhusu maji yake yaingie kwenye mizabibu. Mizabibu haikufa, na maji yakazama ardhini. Sheria ya jimbo ya 2014, inayotaka uchotaji wa visima ulingane na kinachoingia, imeipa njia hiyo wafuasi wengi. Kihesabu inaeleweka: ghala la chini ya ardhi halihitaji saruji, wala jua halikaushi kilichomo.

Lakini maji hayashuki peke yake. Hubeba mabaki ya mbolea, hasa naitreti, ambayo huyeyuka upesi na haishikwi na udongo.

Chukua hekta moja iliyobakiwa na kilo 100 za naitrojeni ya naitreti. Ukiifunika kwa maji ya kina cha mita moja, umemwaga mita za ujazo 10,000. Gawanya, unapata miligramu 10 kwa lita, ambacho ndicho kikomo cha maji ya kunywa nchini Marekani. Na huo ni wastani. Maji ya kwanza kushuka huwa makali zaidi. Ukimwaga mita tatu wastani hushuka hadi miligramu 3 na ushee, ila kilo zile 100 zimeshatoka shambani na zinaelekea kwenye kisima cha mtu.

Kisima cha nani, na lini? Hapo ndipo kompyuta inapohitajika. Programu ya MODFLOW, iliyotolewa mwaka 1984 na shirika la serikali la jiolojia, USGS, huigawa ardhi katika vyumba vidogo na kukokotoa maji yanayopita baina yake. MT3D, ya 1990, hufuatilia uchafu unaosafiri nayo. Mchanga hupitisha haraka. Tabaka la mfinyanzi huyasukuma maji pembeni. Pasipo na oksijeni, bakteria wakipata chakula huigeuza naitreti kuwa gesi. Ukikosea kukisia tabaka hizo umekosea yote, hivyo visima vya uchunguzi vichimbwe kabla ya kumwaga maji, ingawa ni ghali.

Tatizo ni nani alipe. Anayehifadhi maji ni mwenye shamba. Anayekunywa naitreti ni jirani mwenye kisima kifupi. Kila shamba jipya linapofunikwa maji huachia mabaki yake ya miaka mingi, kwa hiyo ni nafuu kurudia mashamba yale yale machache, kama ya mizabibu isiyohitaji mbolea nyingi, kuliko kuyatawanya maji kote.