Pikipiki Kuukuu Mbele ya Mkaguzi

Nchini Uingereza, pikipiki iliyotimiza miaka mitatu tangu kuandikishwa hukaguliwa kila mwaka. Iliyopita miaka 40 husamehewa iwapo haikufanyiwa mabadiliko makubwa, ingawa msamaha huo hauongezi nguvu ya breki.

Wenye vyombo vya zamani hupenda kuvisugua ving'ae. Mkaguzi hatazami mng'ao. Kasoro inayojificha zaidi imo katika shingo ya usukani. Gurudumu la mbele na liinuliwe, msaidizi akiishika pikipiki kwa nyuma isianguke, kisha usukani ugeuzwe polepole kushoto na kulia. Ukisitasita katikati, beringi zimechimbika. Halafu miguu ya mbele ishikwe kwa chini, isukumwe na kuvutwa; ikigonga, pana ulegevu. Ulegevu pengine huondolewa kwa kukaza nati, lakini beringi iliyochimbika hudai mpya, la sivyo chombo kitayumba pamoja na abiria aliyepakiwa nyuma.

Kwa injini inayozidi sentimita 50 za ujazo, mifereji ya tairi iwe na kina cha milimita 1 katika robo tatu ya upana. Taa, honi na mnyororo ni kazi ya jioni moja. Shingo ianzwe wiki kadhaa kabla, kwani vipuri vya pikipiki kuukuu havipatikani kila duka.