Je, Wajua? Bwana harusi hulipia mbeleko

Kwa desturi ya mwambao, Tanga ikiwemo, mahari peke yake haitoshi. Mama wa bibi harusi hupewa pia mkaja, wa lile tumbo lililozaa, na mbeleko, nguo aliyobebewa binti akiwa mchanga. Yaya aliyembeba mchana kutwa? Huyo hatajwi.

Kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili. Kimoja yaya hujifunga, cha pili humbebea mtoto. Huinama, humlaza mtoto mgongoni kifudifudi, hupitisha kanga chini ya makwapa na kukaza ncha juu ya kifua. Mikono yote huru. Aketipo kwenye mbuzi kukuna nazi, mara nyingi mtoto husinzia kabla ya kifuu cha pili.

Mwaka 1986, watafiti wa Montreal, Kanada, waliona kwamba watoto wa wiki 6 waliobebwa zaidi kila siku walilia kwa asilimia 43 pungufu.

Na Snugli, kibebeo kilichovuma Marekani? Kilibuniwa miaka ya 1960 na muuguzi Ann Moore, baada ya kuwaona akina mama wa Togo na watoto wao mgongoni.