Ndege waliozoea watu wasikuletee maradhi

Msomaji, ndege wa porini sasa ni majirani zetu mjini. Jijini Nairobi, korongo aina ya marabu hulala juu ya migunga kando ya barabara, nao njiwa hudonoa mahindi miguuni pa watu bila woga. Mwewe humpokonya mtoto wa shule mandazi mkononi. Mombasa kuna kunguru wa Bara Hindi, ambao walionekana huko mara ya kwanza mwaka wa 1947. Wamezaana hivi kwamba mnamo 2024 shirika la KWS lilitangaza mpango wa kuwaangamiza milioni 1.

Ndege hawa hawakutupenda ghafla. Wamejifunza kwamba penye watu pana mabaki ya chakula, na kwamba mtu wa mjini hana haja ya kuwafukuza. Jaa likikaa wiki nzima bila kuzolewa, tumewaandalia karamu.

Je, wana madhara? Kumtazama ndege hakuleti ugonjwa. Hatari kubwa imo katika kinyesi chake, hasa kikikauka kikawa vumbi.

Kinyesi kikavu cha njiwa huotesha kuvu iitwayo kriptokokasi. Njiwa mwenyewe haugui, kwa kuwa joto la mwili wake hufika digrii 41 hivi, na kuvu hiyo haistawi vyema katika joto hilo. Binadamu huivuta pamoja na hewa. Aliye na afya njema kwa kawaida haoni dalili yoyote. Lakini kwa mtu ambaye kinga ya mwili wake imedhoofishwa na virusi vya Ukimwi, kuvu hiyo yaweza kufika kwenye utando wa ubongo na kumuua asipotibiwa.

Dalili zake huanza polepole: maumivu ya kichwa yasiyoisha, homa, kutapika, shingo kukakamaa, macho kuumizwa na mwanga na hata kuchanganyikiwa. Usimeze tembe za maumivu wiki baada ya wiki. Nenda hospitalini upimwe mapema, kwani dawa zipo. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kumuuguza mgonjwa.

Kinyesi cha ndege pia chaweza kubeba viini vya salmonela, ambavyo huleta homa na kuhara. Watoto wadogo wamo hatarini kwa kuwa hutia mikono kinywani.

La kufanya

Usifagie kamwe kinyesi kikavu. Kimwagie maji yenye dawa ya kuua viini, kilowe, ndipo ukizoe. Vaa glavu na barakoa. Anayeishi na virusi vya Ukimwi amwachie mwingine kazi hiyo.

Funika tangi la maji ya mvua na usafishe mifereji ya paa. Ziba matundu ya darini kwa wavu, baada ya kuhakikisha hamna makinda ndani.

Mtoto akiparuzwa na mwewe, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha umpeleke zahanati waangalie kama anahitaji sindano ya kuzuia pepopunda.

Ndege aliyekufa usimshike kwa mikono mitupu. Ukiona wengi wamekufa mahali pamoja, mwarifu afisa wa mifugo.

Zaidi ya yote, acha kuwatupia chakula na ufunike pipa la taka. Wakikosa cha kula mlangoni pako, watakwenda kujitafutia kwingine.